Daftari na Nyumba: Historia Fupi ya Gharama za Kisheria za Kununua Nyumba, Kutoka Adelaide Hadi Lubumbashi

1. Utangulizi

Waswahili husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ilizaliwa katika biashara, lakini inafaa zaidi katika ununuzi wa nyumba. Mtu anayenunua kitambaa sokoni hukichukua mkononi na kwenda zake. Nyumba haibebeki. Anayeinunua hupewa ufunguo na karatasi, na ufunguo wa pili unaweza kuchongwa kwa muda mfupi. Kwa hiyo kinachopita kutoka kwa muuzaji hadi kwa mnunuzi ni haki, na haki haionekani kwa macho mpaka iandikwe.

Kuiandika haki hiyo kuna gharama. Yuko notari anayethibitisha mkataba, yuko mpima ardhi, yuko mthamini wa jengo, na iko kodi ya uhamisho inayohesabiwa kwa kufuata thamani ya nyumba. Zaidi ya hayo yako malipo ya cheti chenyewe. Wanunuzi wengi huyaona malipo hayo kama mzigo uliobandikwa juu ya bei, tena mzigo wa bure, kwa kuwa nyumba haiongezeki hata tofali moja baada ya kuyalipa. Ndiyo maana wako wanaoridhika na karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili au watatu, wakaiweka sandukuni, wakalala.

Makala haya yanafuata historia ya gharama hizo katika njia moja mahususi: kutoka koloni la Kiingereza la Australia ya Kusini, mahali ulipobuniwa utaratibu wa kuandikisha ardhi uliokusudiwa kuzipunguza, hadi Kongo, nchi iliyoupokea utaratibu huo mapema sana. Yanakusudia kuonyesha kwamba malipo ya hati ni bei ya kujua ni nani mwenye haki, na kwamba jamii isiyoilipa bei hiyo mlangoni huilipa baadaye mahakamani.

2. Mnyororo wa hati

Kabla ya katikati ya karne ya 19, sheria ya Kiingereza haikuwa na kitabu kimoja cha kuonyesha wenye ardhi. Haki ya muuzaji ilithibitishwa kwa mnyororo wa hati: hati aliyouziwa yeye, hati aliyouziwa aliyemuuzia, na kadhalika kurudi nyuma kwa miaka mingi. Wakili wa mnunuzi alilazimika kuzisoma zote, kwa maana pete moja ikiwa mbovu, mnyororo wote ulikatika. Deni lililosahauliwa, mrithi aliyekuwa safarini, mke ambaye hakuulizwa: lolote kati ya hayo liliweza kumwondoa mnunuzi nyumbani mwake.

Kasoro kubwa ya utaratibu huo ilikuwa kwamba kazi yake haikulimbikizwa. Wakili alizisoma hati, akalipwa, na nyumba ikahamishwa. Ilipouzwa tena, wakili mwingine alianza upya, akazisoma hati zilezile pamoja na moja iliyoongezeka, naye akalipwa. Kadiri nyumba ilivyouzwa mara nyingi, ndivyo gharama ya kuiuza ilivyopanda. Zaidi ya hayo, sheria ya mwaka wa 1804 iliwatengea wanasheria peke yao kazi ya kuandika hati za uhamisho kwa malipo. Ukiritimba huo ulidumu Uingereza hadi sheria ya mwaka wa 1985 iliporuhusu kundi la wataalamu wa uhamisho wa nyumba, wasiokuwa mawakili, kupewa leseni ya kufanya kazi hiyo.

3. Hila ya mtu wa forodha

Robert Richard Torrens alizaliwa Cork, Ireland, mwaka wa 1814. Alifika Adelaide, makao makuu ya Australia ya Kusini, mwaka wa 1840, akawa mkuu wa forodha. Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo mawakili wa ardhi hawakulizingatia. Meli pia ni mali kubwa. Huuzwa, hurithiwa na kuwekwa rehani kama nyumba. Hata hivyo, aliyetaka kununua meli hakuhitaji kusoma historia yake yote. Alikwenda kwenye daftari la bandari, akaona jina la mwenyewe na madeni yaliyoandikwa, akalipa, na jina lake likaandikwa mahali pa jina la zamani. Torrens aliuliza kwa nini ardhi isifanyiwe vivyo hivyo.

Sheria yake ilipitishwa mwezi wa Januari 1858, ikaanza kutumika mwezi wa Julai mwaka huohuo, naye akawa msimamizi wa kwanza wa daftari hilo. Upinzani ulitoka hasa kwa mawakili, na sababu yake haikuwa ngumu kuitambua. Miaka michache baadaye madalali wa ardhi wenye leseni nao waliruhusiwa kuandaa hati za uhamisho, kwa malipo madogo kuliko ya mawakili.

Kiini cha utaratibu wa Torrens kinaweza kuelezwa kwa sentensi chache. Dola huchunguza haki ya mtu mara moja tu, wakati wa kuiandika daftarini. Kuanzia hapo, daftari lenyewe ndilo haki. Haki haihami kwa mkataba wa watu wawili. Inahama siku jina jipya linapoandikwa. Na kwa kuwa mtu anaweza kudhurika kwa kosa la daftari, kila anayeandikisha hutoa kiasi kidogo kwa mfuko wa kuwafidia watakaoonewa.

Ikumbukwe kwamba Torrens hakuifuta gharama, aliihamisha. Kazi iliyorudiwa katika kila mauzo aliifanya ifanywe mara moja, na ujuzi uliopatikana akauweka hadharani ili anayefuata asiulipie tena. Lakini hila hiyo ina masharti mawili: daftari liwe wazi kwa watu wote, na kila badiliko liandikwe. Sharti moja likikosekana, mnyororo wa hati hurudi, tena bila wakili wa kuusoma.

4. Kitabu cha nani?

Utaratibu huo ulifika Kongo wakati ambapo Dola Huru la Leopold II lilikuwa halijatimiza hata miaka miwili. Agizo la tarehe 1 Julai 1885 lilitangaza kwamba ardhi zisizo na mwenyewe ni za dola, na kwamba hakuna awezaye kukaa juu yake bila hati. Amri ya tarehe 14 Septemba 1886 ikaweka msingi wa uandikishaji kwa kufuata mfano wa Torrens. Baadaye, chini ya utawala wa Kibelgiji, amri ya tarehe 6 Februari 1920 iliupanga upya uhamisho wa mali zisizohamishika na cheti chake cha uandikishaji.

Kwa karatasi, Kongo ilikuwa imezitangulia nchi nyingi za Ulaya. Tofauti kubwa ilikuwa katika swali la nani ataandikwa. Amri ya 1886 ilisema kwamba ardhi zinazokaliwa na wenyeji zitaendelea kufuata mila na desturi zao. Maneno hayo yalionekana kama ulinzi, na kwa kiasi fulani yalikuwa ulinzi. Lakini matokeo yake yalikuwa mipaka miwili: ndani ya kitabu walikuwamo dola, makampuni, misheni na wageni, nje ya kitabu walikuwako wenye nchi.

Katika Katanga mpaka huo ulionekana waziwazi. Tangu mwaka wa 1900, ardhi ya eneo hilo ilisimamiwa na Comité Spécial du Katanga, kwa niaba ya dola na ya Compagnie du Katanga: theluthi mbili za mapato zilikuwa za dola, theluthi moja ya kampuni. Mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ulipoanzishwa mwaka wa 1910, viwanja vya mtaa wa Wazungu vilipimwa na kuandikishwa. Aliyenunua nyumba huko alilipa gharama zake, akapata cheti, na cheti hicho kiliweza kuwekwa rehani benki.

5. Livré

Mwafrika wa mjini aliishi chini ya utaratibu mwingine. Amri ya tarehe 23 Novemba 1931 iliunda vituo vilivyo nje ya mila, na mwaka uliofuata Elisabethville ikapata chake. Aliyepewa kiwanja katika mitaa hiyo hakupewa cheti. Alipewa kijitabu, ambacho Kifaransa kilikiita livret de logeur na ambacho watu wa mjini walikiita kwa ufupi livré.

Jina hilo linastahili kutazamwa na wanaisimu. Logeur ni mtu anayewapa wengine mahali pa kulala. Kijitabu hakikumwita mwenye nyumba kwa jina la umiliki. Kilimtambua kama mtu mwenye ruhusa ya kukaa na kukaribisha wapangaji. Hivyo mtu aliweza kufyatua matofali yake mwenyewe, kujenga kwa mshahara wa miaka ishirini, kulea watoto wanane ndani ya nyumba hiyo, na bado mbele ya sheria akawa mkaaji wa kiwanja cha mwingine.

Mabadiliko yalikuja polepole. Ofisi ya Miji ya Kiafrika, iliyoundwa mwaka wa 1952, ilijenga nyumba nyingi, zikiwamo za mtaa wa Ruashi. Amri ya tarehe 10 Februari 1953 iliwafungulia Wakongo mlango wa umiliki binafsi wa ardhi mijini. Lakini mlango huo ulifunguliwa miaka saba tu kabla ya uhuru, na walioupita walikuwa wachache kuliko waliobaki na livré.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ambayo gharama zake zinaendelea kulipwa. Livré ilikuwa rahisi, nayo ilipita mkono kwa mkono. Muuzaji alimkabidhi mnunuzi kijitabu, mashahidi wakaandikwa, na watu wakaamini kwamba nyumba imehama. Kizazi kizima cha watu wa mjini kilijifunza kwamba karatasi ni kitu cha kushika mkononi, wakati utaratibu wa Torrens unadai kwamba karatasi iliyo mkononi ni nakala tu ya ile iliyo kitabuni.

6. Sheria ya 1973 na kinachonunuliwa

Baada ya uhuru, dola lilichukua hatua za kujirudishia ardhi. Sheria ya tarehe 7 Juni 1966, inayojulikana kwa jina la Bakajika, ililirudishia haki zilizokuwa zimetolewa kwa makampuni ya kikoloni. Kisha ikaja sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa tarehe 18 Julai 1980. Kifungu chake cha 53 kilitamka kwamba ardhi ni mali ya dola peke yake, isiyoweza kuuzwa wala kupotea kwa kupita kwa muda.

Kwa msingi huo, raia hupewa haki ya kutumia ardhi, yaani konsesyo. Konsesyo ya kudumu ilitengwa kwa ajili ya watu binafsi walio raia wa Kongo. Makampuni na wageni walipewa konsesyo ya kawaida yenye muda. Jengo lililo juu ya ardhi laweza kuwa mali ya mtu, lakini kifungu cha 219 kiliweka sharti: haki ya ardhi na ya jengo huthibitishwa kisheria kwa cheti cha uandikishaji tu. Waliokuwa na livré katika mitaa iliyopimwa walipewa haki ya kudai hati ya konsesyo ya kudumu. Walitakiwa waende wakaidai.

Hapa lugha ya kila siku na lugha ya sheria zinaachana. Katika Kiswahili cha Lubumbashi mtu husema amenunua lupango. Neno hilo humaanisha kiwanja kilichozungushiwa ua pamoja na vyote vilivyomo: nyumba, kisima, mwembe, kibanda cha uani. Sheria haioni lupango. Inaona vitu viwili vilivyotenganishwa, ardhi ya dola na jengo la mtu, vikiunganishwa na cheti. Mnunuzi asiyeuliza juu ya cheti amenunua jengo lisilo na miguu.

7. Hesabu ya gharama

Kwa kufuata mantiki ya sheria hiyo, ununuzi wa nyumba hupita katika hatua ambazo kila moja ina malipo yake, na kila moja ina swali linalojibiwa.

Hatua ya kwanza ni kuuliza kitabuni. Ofisi ya konservatera, yaani mhifadhi wa hati za mali zisizohamishika, huonyesha ni nani aliyeandikwa na kama kuna rehani. Hatua ya pili ni kupima na kuthamini: je, kiwanja kilichoonyeshwa ndicho kilichoandikwa, na jengo lina thamani gani? Hatua ya tatu ni mkataba uliothibitishwa rasmi, ambao hujibu swali la kama waliotia sahihi ndio wenye mamlaka ya kuuza. Hatua ya nne ni kodi ya uhamisho. Ya tano ni kurudisha cheti cha zamani ili kifutwe, na kutolewa kipya kwa nakala mbili: moja hubaki kitabuni, nyingine hupewa mnunuzi.

Kila hatua inayorukwa humwachia mnunuzi swali lisilojibiwa. Asiyeuliza kitabuni anaweza kuuziwa nyumba iliyo rehani. Asiyechunguza aina ya haki anaweza kulipa bei ya konsesyo ya kudumu kwa mtu mwenye mkataba wa upangaji wa ardhi tu, ambao chini ya sheria ya 1973 haukuzidi miaka mitatu. Asiyehakikisha mamlaka ya kuuza huweza kugongana na familia: Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilidai makubaliano ya mume na mke kabla ya kuhamisha konsesyo, na nyumba ya marehemu haiwezi kuuzwa na mtoto mmoja kwa niaba ya ndugu zake wasioulizwa. Hasara hizo hazimo katika orodha yoyote ya malipo ya ofisi, lakini ni gharama za kisheria vilevile.

Kodi inayofuata thamani imezaa desturi nyingine. Muuzaji na mnunuzi hukubaliana bei moja mdomoni na kuandika nyingine, ndogo, kwenye mkataba. Kwa siku ile wote wawili wamepata faida. Siku mauzo yatakapobatilishwa, mnunuzi atadai fedha zake, na karatasi itamjibu kwamba alilipa nusu. Aliyelinyima daftari ukweli hawezi kuliomba ushahidi.

Kwa upande mwingine, anayezipita hatua zote hupata kitu ambacho karatasi ya mashahidi haiwezi kutoa. Cheti cha uandikishaji ni ushahidi kamili, na baada ya miaka miwili hakiwezi kuondolewa. Anayejiona ameonewa hubaki na dai la fidia tu. Nguvu hiyo ni kubwa, na ni lazima isemwe kwamba inakata pande mbili. Mnunuzi wa kwanza mwenye karatasi ya mashahidi, hata kama amelipa bei yote na kuhamia nyumbani, anaweza kushindwa na mnunuzi wa pili aliyekwenda ofisini. Majirani watashuhudia kwamba wa kwanza ndiye anayeishi humo. Kitabu kitashuhudia jina.

8. Gharama ya lugha

Iko gharama moja zaidi, ambayo haitolewi stakabadhi. Sheria ya 1973 iliandikwa kwa Kifaransa, na vyeti vilevile. Mnunuzi anayeishi, kufanya kazi na kusali kwa Kiswahili hukabidhiwa hati muhimu kuliko zote za maisha yake katika lugha ambayo pengine haisomi vizuri. Humtafuta mtu wa kumsomea: kijana aliyesoma, karani, au komisyonere, yaani dalali aliyeleta nyumba sokoni. Huyo wa mwisho hulipwa mauzo yakifanikiwa, kwa hiyo hana haraka ya kueleza linaloweza kuyazuia.

Tatizo halimalizwi kwa kutafsiri maneno peke yake. Neno la mjini kwa hati ni mukanda, na mukanda ni barua, ni tangazo, ni stakabadhi, ni cheti, ni hukumu. Mtu akiulizwa kama ana mukanda wa lupango, hujibu kwa unyofu kwamba anao, naye ameshika karatasi ya mashahidi. Hajasema uongo. Lugha yake haijampa njia fupi ya kutofautisha karatasi inayosimulia mauzo na karatasi inayohamisha haki. Kiswahili sanifu kina hati, cheti, mkataba na stakabadhi, maneno manne yanayotosha kabisa kubeba tofauti hizo, lakini hayajashuka kutoka kamusini hadi ofisi za mitaa. Kuyashusha ni kazi inayowahusu wanaisimu kama inavyowahusu wanasheria.

9. Tamati

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha kwamba gharama ya kisheria ya nyumba haikutoweka popote ilipofukuzwa. Chini ya mnyororo wa hati ililipwa na kila mnunuzi, tena na tena. Torrens aliikusanya daftarini, akaifanya ndogo kwa wote walioandikwa. Ukoloni ulilileta daftari hilo Kongo mapema, ukawaandika wachache, na wengine ukawapa livré. Sheria ya 1973 ililifungua kwa raia, ila haikufuta mazoea ya miaka arobaini ya kupitisha karatasi mkono kwa mkono.

Anayepunguza malipo ya ofisi, anayefupisha njia kati ya meza moja na nyingine, na anayeieleza hati kwa lugha ya mwenye kuishika, wote watatu hufanya kazi moja: huwaongeza watu daftarini. Na daftari la namna hii huwa na faida kwa kila mmoja kadiri wengi wanavyoandikwa, kwa sababu jirani asiyeandikwa ndiye chanzo cha kesi ya mpaka kesho. Mwenye nyumba akifa bila jina lake kuwa kitabuni, wajane na yatima wake ndio wanaokwenda kusimama mbele ya hakimu na karatasi ya mashahidi, ambao huenda nao wamekwisha kufa.